Mfumo endeshi huria kwa seva ya ofisi ndogo: Debian, Ubuntu, Rocky, AlmaLinux au FreeBSD?

#1 Kizibao

Wakuu, naomba mchango wenu. Kuna ofisi ya watu 12, karibu kompyuta zote ni za Windows. Inatakiwa seva moja ifanye mambo matatu: folda za pamoja, PostgreSQL (kanzidata) ya programu ya hesabu, na kila mfanyakazi awe na akaunti moja anayoingilia kwenye kompyuta yoyote.

Mashine iliyopo: Xeon E5-2630 v2 mbili, RAM GB 64 ya ECC, SSD 2 za GB 480, diski 4 za TB 4, zote zimepita kwenye kontrola ya RAID (kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki). UPS ipo. Fundi anapita mara moja kwa mwezi, siku nyingine hakuna wa kuigusa.

Mfumo uwe huria, bila ada ya leseni. Orodha niliyobaki nayo ndiyo hiyo kwenye kichwa cha uzi. Nipeni sababu, ushabiki tuuache kwenye mpira.

#2 Mtambo_Baridi

Debian. Uzi ufungwe.

#3 Bi_Kebo

Usifungwe mkuu, mwenzio kaomba sababu.

Kizibao, anza na programu ndipo uje kwenye mfumo. Hitaji lako la tatu maana yake ni Active Directory (mfumo wa Microsoft wa akaunti za pamoja), na upande wa programu huria kazi hiyo hufanywa na Samba, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2012. Hapo hapo orodha yako inapungua. Red Hat, wenye mfumo wa RHEL, hawafungashi Samba yenye uwezo wa kuwa domain controller (seva inayosimamia akaunti za domain, yaani kundi la kompyuta za ofisi), na Rocky na AlmaLinux wanafuata nyayo zao. Samba utakayoikuta huko inagawa folda na inajiunga na domain iliyokwisha kuwepo, basi. Watu huligundua hili wakiwa wameshasakinisha kila kitu, wanaanza kukompaili Samba kwa mkono, na tangu siku hiyo kila tundu la usalama la Samba linakuwa mzigo wao. Kwa ofisi ambayo fundi anaonekana mara moja kwa mwezi, hilo haliwezekani.

Pili, prosesa. Xeon za kizazi cha v2 hazina AVX2, kundi la amri za prosesa. RHEL 10 na Rocky 10 zinadai kiwango cha x86-64-v3, na AVX2 imo ndani ya kiwango hicho, kwa hiyo kwenye mashine yako haziendi. AlmaLinux 10 wana toleo la pembeni la x86-64-v2, ila vifurushi vya watu wengine vilivyojengwa kwa v3 havitafanya kazi. Washa Linux yoyote ya karibuni kwa USB, kisha:

`/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help | grep supported`

Ukiona x86-64-v2 bila x86-64-v3, umeshajua.

#4 Nahodha_Root

Bi_Kebo yuko sahihi kuhusu Samba, lakini msiizike AlmaLinux haraka hivyo. Toleo la 9 linatosheka na x86-64-v2 na lina masasisho ya usalama hadi Mei 2032. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 inapewa miaka 3 ya kawaida na 2 ya LTS (msaada wa muda mrefu), yaani hadi 2030. Kama muuza programu ya hesabu ameandika kwenye mkataba wake "tunasaidia RHEL na ndugu zake tu", mjadala wa Debian umekwisha kabla haujaanza. Msome kwanza, siku programu ikigoma ndipo mtakapohitaji huo msaada.

Jambo moja la kuangalia kwenye familia hii: RHEL waliondoa kwenye keneli zao (kiini cha mfumo) uwezo wa kutambua kontrola nyingi za RAID za zamani. Kisakinishi kinawaka vizuri, kikifika kwenye hatua ya kuchagua diski, orodha tupu. AlmaLinux walirudisha baadhi yake kuanzia 9.4. Chukua namba ya kontrola kwa `lspci -nn | grep -i raid` uilinganishe na orodha yao kabla ya kupanga siku ya kazi.

Halafu SELinux, ulinzi wa ziada unaoamua programu ipi iguse faili lipi. Ukigawa folda iliyoko `/srv/data`, Windows wataona jina la folda lakini wakiifungua wanakataliwa, ingawa ruhusa za Linux ziko sawa kabisa. Dawa ni lebo:

`semanage fcontext -a -t samba_share_t "/srv/data(/.*)?"`
`restorecon -Rv /srv/data`

Wengi hukimbilia kuizima SELinux yote. Ukitaka kuizima, kulikuwa na sababu gani ya kuchagua familia hii?

#5 Kizibao

Muuza programu anataka PostgreSQL 15 au zaidi, mfumo haumhusu. Na CentOS je? Mafundi wengi bado wanaitaja.

#6 Bi_Kebo

Wanaitaja kwa mazoea; ilikuwa nakala huria ya RHEL. CentOS Linux 8 iliahidiwa masasisho hadi 2029. Desemba 2020 Red Hat wakatangaza kuwa inakoma tarehe 31 Desemba 2021. CentOS 7 nayo ilifungwa Juni 30, 2024. Kilichobaki ni CentOS Stream, ambayo iko hatua moja mbele ya RHEL, na umri wake ni mfupi kuliko wa hao ndugu wawili. Rocky na AlmaLinux zilizaliwa mwaka 2021 kuziba pengo hilo.

#7 Jabali_la_Diski

Kwa hiyo tumebaki na Debian na Ubuntu, tuzilinganishe kwa vitu vinavyouma.

Ubuntu 24.04 ina miaka 5 ya masasisho, lakini soma vizuri: ahadi hiyo ni ya vifurushi vya hazina ya `main`. Vya `universe`, ambavyo ndivyo vingi, usalama wake kamili unapatikana ukijiunga na Ubuntu Pro, ambayo ni bure hadi mashine 5. Usipojiunga, `apt` itakuwa inakukumbusha kila ukiiendesha. Debian haina mgawanyo huo, ila nayo `contrib` na `non-free` haziko chini ya timu ya usalama kwa kiwango kile kile.

Mitego ya Ubuntu Server ambayo fundi wa mara moja kwa mwezi ataikanyaga:

Wa kwanza, kisakinishi kikitumia LVM (mgawanyo wa diski unaoweza kupanuliwa) hakigawi diski yote. Diski ikizidi GB 200, sehemu ya mzizi inapewa GB 100 tu, zilizobaki zinalala. Miezi sita baadaye `/var` imejaa, PostgreSQL imesimama, na diski ina nafasi kibao. Tiba ni mstari mmoja, na haihitaji kuzima kitu:

`lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`

Wa pili, SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali. Unahariri `/etc/ssh/sshd_config`, unaweka `PasswordAuthentication no`, unaanzisha huduma upya, na bado nywila zinakubaliwa. Sababu ni faili `/etc/ssh/sshd_config.d/50-cloud-init.conf`. Linasomwa kabla, na sshd hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, tofauti na programu nyingi zinazoshika ya mwisho. Usiamini ulichoandika, uliza yenyewe: `sshd -T | grep -i passwordauth`.

Wa tatu ni `systemd-resolved`, huduma ya DNS (kutafsiri majina ya kompyuta kuwa IP) inayokalia mlango wa 53. Samba ya AD (Active Directory) inataka mlango huo huo kwa DNS yake. Lazima `DNSStubListener=no`, na `/etc/resolv.conf` uiandike mwenyewe.

Debian mitego yake ni michache ila ipo. Kisakinishi kinaandika jina la seva dhidi ya 127.0.1.1 ndani ya `/etc/hosts`, na Samba ya AD hailipendi hilo hata kidogo. Ile shida ya zamani ya kadi za mtandao kukosa fimwea (programu ndogo ya kifaa chenyewe) iliisha tangu Debian 12 ya mwaka 2023, fimwea sasa imo ndani ya kisakinishi. Na kupanda toleo hakurukwi: 11 kwenda 12, ndipo 13.

Kura yangu Debian, kwa sababu ya uchache wa vitu vinavyojibadilisha vyenyewe. Snap za Ubuntu (aina yake ya vifurushi) hujisasisha kwa ratiba yao. Seva isiyo na mwangalizi haitaki mambo ya kushtukiza.

#8 Mtambo_Baridi

Si nilisema? Haya, sasa tuzungumze diski, maana nyote mnazungumzia mfumo wakati seva hufa kwa diski.

Kwanza hiyo kontrola ya RAID. Ikifa, mara nyingi utahitaji nyingine ya familia ile ile ndipo diski zisomeke. Ina betri ya kulinda kache. Betri ikizeeka kontrola inaacha kutumia kache ya kuandikia na kasi inaanguka ghafla, watu wanailaumu Linux. Kama kontrola inaruhusu hali ya HBA, iweke humo, diski zionekane moja moja, RAID ifanywe na mfumo. Kama hairuhusu, usiweke ZFS (mfumo wa faili wenye RAID yake) juu yake: ZFS inataka kuziona diski zenyewe ili ijue ipi imetoa data mbovu na iirekebishe kutoka kwa mwenzake.

Diski 4 za TB 4: kwa kioo cha jozi mbili (kila diski na nakala yake) unapata TB 8, kwa RAID6 au raidz2 ya ZFS unapata TB 8 hizo hizo. Jozi zina kasi ya kuandika na hujengwa upya haraka. Raidz2 inahimili kufa kwa diski mbili zozote, wakati jozi zinakufa zote ikiwa diski mbili zilizokufa ni za jozi moja. RAID5 inakupa TB 12 na usingizi wa mang'amung'amu. Kwa folda za ofisi, jozi zinatosha. Hakikisha tu diski si za teknolojia ya SMR (njia zake za kuandikia hupandiana), kwani hizo wakati wa kujenga upya huchelewa hadi mfumo unadhani zimekufa.

Sasa mtego ambao karibu kila mtu huukosa. Umeweka SSD mbili kwa mdadm (RAID ya Linux yenyewe), RAID1 yaani kioo, umefurahi. Lakini sehemu ya EFI inayowasha mashine iko kwenye SSD ya kwanza peke yake, mdadm haikuigusa. Siku SSD hiyo ikifa, data yote ipo kwenye ya pili na seva haiwaki. Kwenye Debian inabidi uitengeneze kwa mkono: sehemu ya MB 512 ya FAT32 kwenye SSD ya pili, nakili yaliyomo kwa rsync, kisha iandikishe:

`efibootmgr -c -d /dev/sdb -p 1 -L "debian-2" -l '\EFI\debian\grubx64.efi'`

Kama Secure Boot imewashwa, andika `shimx64.efi` badala yake. Baada ya hapo, zima mashine, chomoa SSD ya kwanza, washa. Kama hukufanya jaribio hilo, huna RAID1, una matumaini.

#9 Bi_Kebo

Hapo Mtambo umenena. Na ndiyo maana mimi ningepita njia tofauti kidogo: Proxmox VE (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) kama msingi, Debian 13 ndani yake kama mashine pepe. Proxmox yenyewe ni huria na toleo lake la 9 limejengwa juu ya Debian 13. Ukichagua ZFS ya kioo wakati wa kusakinisha, inatengeneza sehemu ya EFI kwenye SSD zote mbili na `proxmox-boot-tool` inazilinganisha kila keneli ikibadilika.

Sababu kubwa zaidi ni Samba. Watengenezaji wake wenyewe wanashauri domain controller isiwe ndiyo seva ya faili. Kwa mashine moja ya chuma, njia rahisi ya kulifanya hilo ni mashine pepe. Mgawanyo wa RAM: GB 2 kwa domain controller, GB 8 kwa faili, GB 16 kwa PostgreSQL. ZFS iwekee kikomo cha GB 12 isije ikagombana nazo: ndani ya `/etc/modprobe.d/zfs.conf` andika `options zfs zfs_arc_max=12884901888`, kisha `update-initramfs -u -k all` na uwashe upya.

Tahadhari: Proxmox ikitoka kwenye USB inaelekezwa hazina ya wanaolipia. Bila leseni hazina hiyo inarudisha kosa la 401, masasisho hayaingii, na kwa kuwa kila kitu kinaendelea kufanya kazi hakuna anayestuka. Izime, washa `pve-no-subscription`.

#10 Nahodha_Root

Kwa watu 12 mashine pepe tatu si kuongeza mitambo ya kuharibika? Fundi mmoja wa mwezi atasasisha mifumo minne badala ya mmoja.

#11 Bi_Kebo

Ni kweli, mzigo unaongezeka. Lakini `unattended-upgrades` inabeba masasisho ya usalama kwenye hizo tatu, na kabla ya kupanda toleo unachukua snapshoti (picha ya mashine pepe ilivyo wakati huo). Ikiharibika unarudi nyuma kwa dakika moja. Isipokuwa domain controller: ukiwa na mbili, usirudishe moja kwenye snapshoti ya zamani, hifadhi zao zitatofautiana. Ukiwa na moja tu, inavumilika, ila kompyuta zilizobadilisha nywila zao katikati zitahitaji kuunganishwa upya na domain.

#12 Kizibao

FreeBSD mmeitupa bila kesi?

#13 Jabali_la_Diski

Haina kosa. ZFS imo ndani ya mfumo wenyewe, wakati kwenye Debian inajengwa upya kila keneli ikibadilika, kwa sababu leseni yake ya CDDL haipatani na GPL. Jail, vyumba vyake vya kutenganisha huduma, ni nyepesi kuliko mashine pepe. Kinachoiangusha hapa ni fundi: akiugua, atakayemfuata atakuwa anajua `systemctl` na `apt`, si `rc.conf` na `pkg`. Kama fundi wenu ni mtu wa BSD, mpeni.

#14 Kizibao

Basi naelekea Proxmox na Debian 13. Naomba hatua za Samba kwa mpangilio, hapo ndipo ninapoogopa.

#15 Bi_Kebo

Kwenye mashine pepe ya domain controller:

1. Anwani ya IP isiyobadilika. Ndani ya `/etc/hosts` futa mstari wa 127.0.1.1, weka IP halisi ikifuatwa na jina kamili, kisha jina fupi.

2. Jina la domain: tumia tawi la jina mnalomiliki, mfano `ad.kampuni.example`. Usitumie `.local`, inagongana na mDNS (utafutaji wa majina ndani ya mtandao wa karibu). Jina hili kulibadilisha baadaye ni kubomoa nyumba, likalieni kikao.

3. `apt install samba-ad-dc krb5-user winbind smbclient chrony`. Kuanzia Debian 13 sehemu ya domain controller ina kifurushi chake, anayeweka `samba` peke yake anaishia kutafuta huduma isiyokuwepo.

4. Zima zile za kawaida: `systemctl disable --now smbd nmbd winbind`, kisha uzi-mask (zisiweze kuwashwa). Hamisha `/etc/samba/smb.conf` pembeni, la sivyo hatua inayofuata inagoma.

5. `samba-tool domain provision --use-rfc2307 --interactive`. DNS chagua `SAMBA_INTERNAL`, inatosha kabisa kwa ukubwa huu.

6. Nakili `/var/lib/samba/private/krb5.conf` kwenda `/etc/krb5.conf`, halafu `systemctl unmask samba-ad-dc` na `systemctl enable --now samba-ad-dc`.

7. Jaribu: `host -t SRV _ldap._tcp.ad.kampuni.example` na `kinit administrator`. Zote mbili zikijibu, umevuka.

Kompyuta za Windows zitumie DNS ya domain controller peke yake. Mtu akiweka DNS ya ruta kama ya pili "kwa usalama", siku moja Windows itaiuliza hiyo ya pili, isiikute domain, na malalamiko yatakuwa "leo inaingia, kesho haiingii". Saa nayo: Kerberos (inayothibitisha watumiaji wa domain) inakataa tofauti inayozidi dakika 5. Betri ya ubao ikifa kwenye kompyuta moja, huyo mmoja ndiye hataweza kuingia.

#16 Nahodha_Root

Upande wa PostgreSQL, Debian 13 inakuja na 17, mtauliza muuza programu kama ameijaribu. `shared_buffers` ya kuanzia ni MB 128. Kwa RAM ya GB 16 weka GB 4.

Kama data iko kwenye seva ya zamani, usihamishe folda ya `/var/lib/postgresql` ilivyo, hata kama toleo la PostgreSQL ni lile lile. Mpangilio wa herufi hutoka kwenye glibc, maktaba ya msingi ya Linux, na glibc 2.28 iliubadilisha. Ukitoka CentOS 7 yenye 2.17 kuja Debian ya sasa, faharasa za maandishi zitakuwa zimepangwa kwa sheria ya zamani na kusomwa kwa sheria mpya: mteja yupo kwenye jedwali, ukimtafuta kwa jina haonekani, na jina linaloruhusiwa mara moja linaingia mara mbili. Hakuna kosa linaloandikwa popote. Toa kwa `pg_dump -Fc`, rudisha kwa `pg_restore`, faharasa zitajengwa upya.

#17 Mtambo_Baridi

Nakala za akiba: `pg_dump` kila usiku, kisha restic au borg (programu za nakala za akiba) kwenda kwenye diski iliyo nje ya seva hiyo, na nyingine nje ya jengo. Nywila ya kufungulia nakala isikae kwenye seva peke yake. Fundi kila mwezi arudishe faili moja na kanzidata moja kwenye mashine pepe tupu, ikae kwenye orodha yake ya kazi.

UPS isiyozungumza na seva ni kuchelewesha ajali kwa dakika kumi. Unganisha kebo ya USB, weka `nut` kwenye Proxmox, na hakikisha kila mashine pepe ina `qemu-guest-agent` izimike kwa utaratibu. `smartd` (inayopima afya ya diski) na ZFS zitume barua pepe kwa mtu anayesoma barua pepe. Ikienda kwa `root` ya seva, haijatumwa.

#18 Kizibao

Swali la mwisho. Mashine ya kopi inaskani moja kwa moja kwenda folda ya Windows. Nimejaribu Samba mpya kwenye kompyuta ya majaribio, inasema imeshindwa kuunganisha, bila maelezo.

#19 Jabali_la_Diski

Ni SMB1, toleo la zamani la itifaki ya folda za Windows. Tangu Samba 4.11 ya mwaka 2019 haikubaliwi tena bila kuiwasha, na mashine nyingi za kopi za zamani hazijui nyingine. Utaona watu wanakushauri `server min protocol = NT1` (yaani kuiwasha SMB1); hapo umeifungulia ofisi nzima mlango kwa ajili ya kifaa kimoja.

Angalia kwanza kama kuna fimwea mpya ya mashine ya kopi yenye SMB2. Ikikosekana, tazama kama inaweza kutuma kwa FTP (njia nyingine ya kuhamisha faili): tengeneza kontena dogo lenye `vsftpd`, mtumiaji mmoja asiyeweza kuingia kwingine, fayawoli iruhusu IP ya mashine ya kopi tu, na folda hiyo uiunganishe ndani ya seva ya faili. Angalia pia nywila: baadhi ya mashine hizo hukata nywila ndefu kimya kimya, zingine kwenye herufi ya 14 au 16.

#20 Kizibao

Ilikuwa na FTP, na nywila niliyoweka ina herufi 20. Naifupisha sasa hivi.